Adabu na Kinaya katika Tungo za Kufokafoka

Wako wanaoshikilia kwamba tungo za kufokafoka hazistahili kuhakikiwa kama ushairi wa Kiswahili, kwa kuwa hazihesabu mizani wala hazigawi mishororo kwa ukwapi na utao. Hoja hiyo yaacha nje jambo kubwa. Utungo hupimwa pia kwa namna unavyoyatumia maneno ambayo jamii imekwisha kuyazoea, na kwa yale unayoyafichua ndani ya maneno hayo. Kwa kipimo hicho yafaa kuzitazama pamoja nyimbo mbili za Tanzania: "Hali Halisi" ya Joseph Mbilinyi, aitwaye Mr. II au Sugu, ya mwaka 1998, na "Ndio Mzee" ya Joseph Haule, aitwaye Professor Jay, iliyomo katika albamu yake ya 2001, Machozi, Jasho na Damu.

Wimbo wa kwanza wafuata njia ya kauli ya wazi. Mtungaji asimama kama shahidi, akasimulia ugumu wa maisha ya vijana na siasa isiyomjali mnyonge. Jina la wimbo lenyewe ni ahadi ya kutoficha kitu, na lugha yake ni ile ya vijiwe vya mjini, isiyotafuta kibali cha mwalimu wala cha mtangazaji. Nguvu ya njia hii ni ukweli wake. Upungufu wake ni kwamba msemaji ni mmoja na lawama yaelekea upande mmoja tu. Msikilizaji hukubali kwamba amedhulumiwa, kisha hubaki pale pale alipokuwa, maana kosa lote ni la mwingine.

Katika "Ndio Mzee" mtungaji hasemi kwa nafsi yake. Avaa nafsi ya mgombea aliyepanda jukwaani kuomba kura, na umati wamwitikia. Tanzania ilikuwa imerudia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 na wa 2000 ulikuwa umekwisha kuyazoeza masikio ya watu sauti ya namna hiyo. Ahadi za mgombea zapanda hadi kupita mpaka wa akili; wanafunzi wa sayansi, kwa mfano, waahidiwa kufanyia mazoezi yao mwezini. Uongo wazidi, lakini jibu la umati halibadiliki.

Hapo ndipo penye sanaa. "Ndio" ni neno la kukubali, na "mzee" ni neno la heshima, aitwalo baba, mkubwa wa kazi, hata kijana mwenye cheo. Barazani na ofisini maneno hayo mawili ni adabu njema, na hakuna awezaye kumshitaki mtu kwa kuyatamka. Wimbo hauyageuzi hata herufi. Wayarudia tu mahali yasipostahili, mpaka msikilizaji atambue kwamba adabu isiyouliza swali huweza kuwa kamba ya kumfungia mwenye adabu. Kwa hiyo lawama yawaangukia wote wawili, anayedanganya na anayeitikia. Tena kiitikio, kama ilivyo katika ngoma, huimbwa na hadhira. Kila aimbaye kwa furaha hujikuta amesimama ndani ya umati ule ule unaofanyiwa dhihaka.

Ushairi wa kusema juu ya utawala si mgeni katika Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alitunga juu ya siasa ya zama zake, na mashairi yake yakajibiwa na washairi wa upande wa pili. Lakini fumbo la Muyaka mara nyingi lamtaka msikilizaji alifumbue ili ajue nani alengwaye. Katika "Ndio Mzee" hakuna neno la kufumbuliwa. Kilichofichika ni hali ya msikilizaji mwenyewe.

Yaweza kusemwa kwamba kinaya cha namna hii huishia katika kicheko, na kwamba hata mwanasiasa aliyechekwa huweza kuucheza wimbo huo. Ni kweli, na hilo ndilo deni la njia hii: yategemea msikilizaji akumbuke baada ya kucheka. Lakini yafaa kuangalia yaliyofuata. Mbilinyi alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 hadi 2020, na Haule mbunge wa Mikumi tangu 2015 hadi 2020. Aliyeigiza mgombea akawa mgombea kweli, mbele ya wapiga kura waliokwisha kufundishwa na wimbo wake mwenyewe kuzishuku ahadi. Mtungaji hawezi kujiwekea kipimo kigumu kuliko hicho.

Kwa sababu hiyo, mhakiki azitazamaye tungo hizi asitosheke na kuhesabu vina wala na kuorodhesha maneno ya mitaani. Atazame ni nani asemaye, na ni nani aliyepewa kazi ya kuitikia.