Kila Bawaba na Kazi Yake

Ndege ya kivita inayogeuka kuwa mtu wa chuma ni rahisi kuitaja, lakini kuichora ni shughuli pevu. Mchora katuni mvivu ataweka ndege katika kisanduku cha kwanza, moshi mwingi katika cha pili, na jitu lenye miguu katika cha tatu. Msomaji atapita. Ila siku msomaji huyo atakaposhika penseli na kujaribu mwenyewe, atauliza: mabawa yamekwenda wapi? Mikono ilikuwa imefichwa wapi? Ufundi ninaousifu unaanzia kwenye maswali hayo, na fundi wa kweli hujibu kwamba hakuna kipande kilichopotea.

Mjapani Shoji Kawamori alilijibu swali hilo akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Oktoba 1982 ilianza kuonyeshwa huko kwao hadithi ya katuni ya televisheni iitwayo Macross, na ndani yake akaiweka ndege VF-1. Aliitoa kwenye F-14 ya jeshi la majini la Marekani, ambayo mabawa yake hurudi nyuma kasi inapopanda. Itazame anavyoikunja. Injini mbili ndizo miguu. Matundu ya nyuma yanayotoa moto hupasuka katikati yakawa nyayo. Mikono hulala kati ya injini, chini ya tumbo, na kichwa kiko hapohapo tumboni, kikifanya kazi ya mzinga wa miale mpaka zamu yake ya kuwa kichwa ifike. Mabawa hukunjwa mgongoni. Ndege ya kuchezea iliyouzwa madukani iligeuka kweli mikononi mwa watoto, bila kung'oa kitu. Kawamori anajulikana kwa kuunda kwanza kwa matofali ya LEGO, akageuza na kugeuza tena. Yaani mchoro wake hujaribiwa na vidole kabla ya kukabidhiwa kwa macho.

Ninachokipenda zaidi ni umbo la katikati, lile aliloliita GERWALK. Pua bado iko mbele, mabawa bado yamefunguka, lakini miguu imeshashuka na kupinda magoti kwa nyuma kama ya korongo, na mikono imetoka. Mtu mwingine angelipita umbo hilo haraka kwa aibu, maana si ndege wala si mtu. Kawamori akalipa kazi yake: kuelea chini chini juu ya ardhi, kunyanyua watu, kupigana mahali ambapo ndege haiwezi kusimama. Ukitaka kujua kama mchoraji anakijua chombo chake, mwombe akuchoree katikati ya mageuzi.

Kwenye karatasi jambo hili linazidi kuwa gumu. Filamu huonyesha mwendo wote. Katuni ya kitabu ina visanduku tu, na mwendo wenyewe hutokea katika ule mstari mweupe unaovitenganisha, kichwani mwa msomaji. Haruhiko Mikimoto, aliyechora sura za wahusika wa 1982, alilikabili hilo alipoanza mwaka 2009 kuisimulia upya hadithi ileile kwa kitabu cha katuni, Macross the First. Kazi ni kuchagua: nichore dakika ipi, ipi nimwachie msomaji aijaze?

Kisha kuna ndege za majaribio, ambazo bado hakuna anayejua tabia zake. Jeshi la anga la Marekani lilishindanisha ndege mbili za namna hiyo, YF-22 na YF-23, na mwaka 1991 likaichagua ya kwanza. Miaka mitatu baadaye Kawamori, akiongoza pamoja na Shinichiro Watanabe, alitoa Macross Plus, ambamo YF-19 na YF-21 zinashindanishwa vivyo hivyo, zikirushwa na marafiki wa zamani waliogeuka mahasimu. YF-21 huendeshwa kwa fikra za rubani. Basi hasira yake nayo inaingia kwenye usukani, na hapo mchoro wa mashine unakuwa mchoro wa moyo wa mtu.

Kwetu Tanzania penseli hazijawahi kukosekana. Christian Gregory alimchora Chakubanga gazetini Uhuru, na jarida la Sani likawapa watu Ndumilakuwili na Madenge. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Barly Baruti wa Kisangani alichora Madame Livingstone, kitabu kilichotoka 2014, kuhusu rubani Mbelgiji anayetumwa kuizamisha meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba. Wabelgiji walirusha kweli ndege za kutua majini juu ya ziwa hilo mwaka 1916. Ndege yenye maboya miguuni tayari ni chombo cha tabia mbili.

Mwanza nayo ina kumbukumbu yake ya ndege za kivita. Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, iliulenga mji huu; silaha zake zikaangukia kisiwa cha Saanane, katika Ziwa Victoria, na kuua swala. Mwanafunzi wa sanaa katika Chuo cha Ualimu Butimba, chuo ambacho kimewatoa walimu wengi wa kuchora, yuko karibu na maji hayohayo. Ningetamani yeye ndiye aichore ndege yetu ya majaribio, na ningempa ziwa liwe mtihani wake. Ikitua ghubani, maboya yatatoka wapi, na yalikuwa yamekunjwa wapi? Ikisimama kwa miguu, nyayo zake ndizo matundu ya injini: zitazibwaje maji yasipande? Na gugumaji likijazana kwenye midomo ya kuvutia hewa, ni mkono upi utakaolifikia kulitoa, na kiwiko chake kitapindia upande gani?