Nani Huchota Maji? Kitenzi cha Mazoea na Mke Kijana wa Kasulu na Kibondo katika Usomaji wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna fasihi andishi ya Kiswahili inavyomwona mke kijana katika maisha yake ya kila siku. Kazi nne zinapimwa kwa kipimo cha mke mkulima wa nyanda za juu za Kigoma, hususani Kasulu na Kibondo: Utendi wa Mwana Kupona, Rosa Mistika, Utengano na Nguzo Mama. Hoja kuu ni kwamba majaribu madogo ya mke huyo hayaonekani kwa sababu mbili. Kwanza, masimulizi yetu yamejengwa juu ya tukio badala ya mazoea. Pili, umbo sanifu la mazoea, yaani hu-, halibebi kipatanishi cha mtenda.

1.0 Utangulizi

Kasulu na Kibondo ziko katika Buha, nchi ya vilima iliyo mbali na joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa kawaida nyumba na migomba huwa juu ya mgongo wa kilima, na chemchemi huwa chini bondeni. Mke anayeolewa huhamia kwa wakwe, na hapo huanza kujifunza upya mambo aliyodhani anayajua: njia ya kwenda kisimani, kiasi cha chumvi kinachopendwa na watu wa nyumba hiyo, shamba lipi ni la maharage na lipi ni la muhogo, mkwe gani aamkiwe kwanza na kwa kuinama kiasi gani. Umri wake unaweza kuwa mdogo sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi.

Majaribu ya mke huyu ni madogo yakitazamwa moja moja. Mtoto hupata homa siku ya kupanda. Mafuta ya mawese huisha siku wageni wanapofika. Mume yuko safarini, na fedha aliyoahidi haijaja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha kuwa kisa. Yakijumlishwa, hata hivyo, ndiyo ndoa yenyewe. Swali la makala haya ni hili: mhakiki wa fasihi ya Kiswahili akimtafuta mke huyu vitabuni, atamkuta wapi?

2.0 Mke wa Siu na Mke wa Kilimani

Kazi inayotajwa kwanza kila mara mada ya mke inapozuka ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akimwusia binti yake namna ya kuishi na mume. Utendi huo unastahili heshima yake, nao kwa namna fulani ni kazi ya mambo madogo. Unamfundisha binti amhudumie mume anapolala, atunze usafi wa mwili na manukato, achunge ulimi wake, na aombe ruhusa kabla ya kutoka. Mambo hayo yamepangwa kwa utaratibu wa siku, na hilo ni nadra katika fasihi yetu.

Lakini siku hiyo ni ya nyumba ya wakubwa wa Siu, kisiwani Pate. Ndani yake maji yamekwisha kuchotwa na kuni zimekwisha kukatwa. Watumwa wametajwa katika utendi, na binti anaonywa asichanganyike nao isipokuwa kwa ajili ya kazi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya siku ya mke wa Kasulu imo katika utendi huu, ila imewekwa mikononi mwa watu ambao mshairi hakuwatungia usia. Mwalimu anayeusomesha utendi huu darasani Kibondo kama picha ya "mke wa Kiswahili" au "mke wa jadi" anawaomba wanafunzi wake wajitafute katika chumba chenye manukato, ilhali ndugu zao wako uani wakipasua kuni. Kosa haliko kwa mshairi aliyeandika anachokijua. Liko kwetu tuliougeuza usia wa tabaka moja kuwa kielelezo cha ndoa zote.

3.0 Riwaya na Mlango wa Ndoa

Euphrase Kezilahabi aliihamishia riwaya bara. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa. Regina, mama yake Rosa, ni mke wa kijijini Ukerewe anayebeba kazi za nyumba na vipigo vya mume mlevi, Zakaria. Sheria mpya ilikataza mwenzi wa ndoa kumpiga mwenzake kama adhabu, na riwaya ikaonyesha kwa nini katazo hilo lilihitajika. Hata hivyo, Regina ni mke wa makamo, na kazi yake katika msuko ni kueleza malezi ya Rosa. Rosa mwenyewe hafiki kwenye ndoa. Anakataliwa na mchumba wake na kujiua. Riwaya imekoma mlangoni, kabla ya asubuhi ya kwanza ya kuamkia wakwe.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), anaingia ndani. Bi Tamima amefungiwa katika nyumba ya Bwana Maksuudi, na msomaji anauhisi uzito wa kuta zile. Lakini mke huyu naye anajitokeza kwa nguvu pale tu nyumba inapovunjika: uzazi mgumu, ghadhabu ya mume, talaka. Miaka ya utulivu iliyotangulia, ambayo ndiyo iliyomfinyanga, inapita haraka. Kwa mantiki ya riwaya, mke huonekana anapoteswa, anapotoroka au anapokufa. Akiamka salama, akapika na akalala, hana ukurasa.

4.0 Nguzo Isiyosimama

Penina Muhando ndiye anayelikaribia zaidi jambo hili. Katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), wanawake wa kijiji cha Patata wamepewa kazi ya kusimamisha nguzo, nayo haisimami kwa kuwa kila mmoja anavutwa na shida zake za nyumbani pamoja na migongano iliyo baina yao. Mara nyingi wahakiki huisoma nguzo kama ishara ya ukombozi wa wanawake, na usomaji huo una msingi. Lakini tunadai kwamba uzito wa tamthilia uko katika vile vinavyowatoa wanawake kwenye kamba. Shida ndogo ya nyumbani ndiyo inayoamua hatima ya jambo kubwa la kijiji.

Hata hapa, hata hivyo, udogo huo umeandikwa kama kizuizi. Jukwaa linatazama nguzo, na nyumba ya mwanamke ni mahali anapopotelea. Mke wa Kasulu angeweza kuuliza kama nyumba hiyo, ambamo watu wanalishwa na watoto wanapona homa, nayo si nguzo.

5.0 Umbo la hu- na Mtenda Aliyefichika

Ugumu wa kuyasimulia mazoea una upande wa kiisimu. Simulizi ya Kiswahili husukumwa na -li- na -ka-: alitoka, akaenda, akaona. Maumbo hayo yanadai tukio na mfuatano wake. Siku inayojirudia inahitaji umbo jingine. Tuiandike siku ya mke wetu kwa sentensi moja sanifu:

Alfajiri huteremka bondeni kuchota maji, hupanda nayo kilimani, huwasha moto, huwaamkia wakwe, hubeba jembe na mtoto kwenda shambani, jioni huokota kuni, hupika, hulala wa mwisho.

Vitenzi vinane vya hu- vimefanya kazi ya siku nzima, na hakuna hata kimoja kilichobeba kipatanishi cha mtenda. Hatujui kama ni mimi, wewe au yeye. Wakwe wamepata kiambishi chao, -wa-, ndani ya huwaamkia. Anayewaamkia hana.

Inaweza kupingwa kwamba hii ni sarufi tu, kwani hu- huwaficha pia mfalme na mvuvi, na kwamba nomino au kiwakilishi hutosha kumtaja mtenda. Pingamizi hilo ni la kweli. Hatudai kwamba sarufi inamdhulumu mke. Tunachodai ni kwamba umbo hili linampa mwandishi nafasi ya kumsahau, na kwamba mwandishi anayetaka kumkumbuka hana budi kumtaja kwa makusudi.

Ushahidi uko katika mazungumzo ya bara. Wasemaji wengi husema nachotaga maji, napikaga, naamkaga mapema. Kiambishi -ga, chenye asili katika lugha za Kibantu za bara, hubeba mazoea bila kumwondoa mtenda, kwani na- ya nafsi ya kwanza imebaki mahali pake. Vilevile katika Kirundi, jamaa wa karibu wa Kiha, kitenzi cha mazoea hakikosi kipatanishi cha nafsi. Msichana aliyekulia katika lugha ya namna hiyo, anapoieleza siku yake kwa Kiswahili, huweza kusema nachotaga. Shuleni husahihishwa: huchota. Sahihisho hilo ni halali kwa mujibu wa usanifu, lakini katika kulifanya, "mimi" imefutwa pamoja na -ga.

Hapa ndipo isimu na uhakiki vinapokutana. Mtunzi atakayempa mhusika wake kauli ya nachotaga hatakuwa ameharibu lugha. Atakuwa amempa mke kijana sauti inayosema kwa pumzi moja kwamba kazi hii ni ya kila siku, na kwamba mwenye kuifanya ni yeye.

6.0 Hitimisho

Pengo hili si dogo, na linaigusa hata historia. Wakati wa ukoloni, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotoa manamba kwa mashamba ya mkonge ya Tanga. Simulizi ya manamba kwa kawaida humfuata mwanamume hadi shambani. Mke aliyebaki kilimani akilima, akilea na kungoja, ndiye aliyeiwezesha safari hiyo, na siku zake zote zilikuwa za hu-.

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Mhakiki akikutana na mwanamke katika kazi ya fasihi, asiulize tu alitendwa nini, bali pia nani alichota maji yaliyonywewa katika sura hiyo. Na mwalimu anayefundisha Utendi wa Mwana Kupona katika nyanda za juu za Kigoma awape wanafunzi wake zoezi la kuandika usia wa mama wa Kasulu kwa binti anayeolewa mwezi ujao. Usia huo utataja jembe, kisima, chumvi na homa ya mtoto. Tukiusoma kwa makini uleule tunaoupa utendi wa Siu, tutakuwa tumeanza kumwona.