Kifo kama Fani: Dark Souls, Sekiro na Lies of P

Miongoni mwa wapenzi wa michezo ya video yamezoeleka mabishano yasiyokwisha: katika utanzu uliozaliwa na Demon's Souls mwaka 2009, ni mchezo upi ulio mgumu kuliko yote? Swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, ni bovu. Linaupima ugumu kana kwamba ni uzito wa gunia, ilhali katika utanzu huu ugumu ni sehemu ya fani, na fani haihakikiwi ikiwa imetengwa na maudhui yake. Mhakiki hana budi kuuliza jambo jingine: mchezaji anapouawa mara ya ishirini mahali pale pale, kifo hicho kinasema nini katika hadithi?

Kanuni za utanzu wenyewe si nyingi. Mchezaji humwongoza mhusika mmoja katika nchi iliyoharibika. Akiuawa, hurudishwa kwenye kituo alikopumzika mwisho, na maadui aliokwisha kuwashinda, isipokuwa wale wakuu, huwa wamefufuka.

Katika Dark Souls (2011), uliotungwa chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki katika kampuni ya FromSoftware ya Japani, mhusika ni mtu aliyelaaniwa asiweze kufa. Roho anazozipata kwa kuua ndizo fedha yake, na ndizo pia nguvu zake. Akianguka, roho hizo hubaki chini pale alipofia. Anayo nafasi moja tu ya kuzirudia, na akiuawa tena njiani zimepotea kabisa. Hata hivyo hasara hiyo si adhabu tupu. Hadithi inaeleza kwamba waliolaaniwa hubaki na akili zao kwa muda wote wawapo na lengo. Anayekata tamaa hugeuka gofu la mtu. Kando ya moto wa Firelink Shrine ameketi askari aliyevunjika moyo, ambaye humcheka kila anayepita kwenda kujaribu. Baadaye askari huyo huondoka, naye hukutwa akiwa amepotewa na akili. Mchezaji anayechoka na kuuzima mtambo wake ametenda lile lile lililotendwa na askari. Hapa fani na maudhui vimeshikana kiasi kwamba haiwezekani kukieleza kimoja bila kukitaja kingine.

Yafaa kukumbuka kitendawili. Anayeshindwa kukitegua hutoa mji, kisha hupewa jibu. Dark Souls huudai mji kila mara lakini jibu haulitoi. Mchezaji hulipa, hurudi, na hulitafuta mwenyewe. Tabia hiyo imeenea hata katika usimulizi, kwani historia ya nchi ya Lordran imetawanywa katika maelezo mafupi ya silaha, pete na mavazi. Miyazaki amepata kueleza kwamba utotoni alisoma vitabu vya Kiingereza visivyokuwa vya kimo chake, akawa anayajaza kwa mawazo yake mapengo asiyoyaelewa. Mwalimu yeyote wa lugha anamfahamu msomaji wa namna hiyo.

Sekiro: Shadows Die Twice (2019), wa kampuni ile ile na kiongozi yule yule, una fani iliyosafishwa zaidi. Mhusika ni mmoja, hachaguliwi. Upanga hukingwa kwa upanga, chuma kikilia kwa mahadhi, mpaka uthabiti wa adui uvunjike. Kwa umbuji wa mapambano peke yake, Sekiro umeushinda Dark Souls. Aidha una wazo zito kuliko yote matatu: mhusika aweza kufufuka papo hapo, lakini kufa kwake mara kwa mara huwaambukiza kikohozi watu aliozungumza nao. Uhai wake unalipwa na wengine! Inasikitisha, basi, kwamba watunzi waliliogopa wazo lao. Ugonjwa huo hauui mtu, na dawa yake ipo. Mchezaji hujifunza upesi kukisikia kikohozi kama usumbufu, wala si kama dhambi yake.

Lies of P (2023), uliotengenezwa Korea ya Kusini, umeichukua hadithi ya Pinocchio ya Carlo Collodi na kuipeleka katika mji wa kubuni uitwao Krat. Ni mwanafunzi hodari wa FromSoftware: mapambano yake yana uzito, na silaha zake, ambazo makali na mpini huweza kutenganishwa na kuungwa upya, ni ubunifu wa kupendeza. Dhamira yake ni kwamba kusema uongo ndiko kunakomkaribisha mwanasesere kwenye ubinadamu. Lakini uongo huo huamuliwa zaidi katika mazungumzo, ilhali kufa na kurudia kumo katika mapambano. Njia hizo mbili hukutana kwa nadra.

Tofauti hii inatoa mwanga juu ya mjadala uliozuka Sekiro ulipotoka: je, michezo hii iwe na ngazi nyepesi kwa wasioimudu, wakiwamo wenye ulemavu? Katika Dark Souls, kupunguza ugumu kungeigusa hoja ya hadithi yenyewe, na mtunzi angelazimika kutafuta njia nyingine ya kuisema. Watengenezaji wa Lies of P waliongeza ngazi za kuchagua Juni 2025, na hadithi yao haikutikisika. Anayechagua ngazi nyepesi bado huulizwa na mlango wa Hoteli Krat kama yeye ni binadamu, na bado, mwanasesere kama alivyo, hana budi kusema uongo ili afunguliwe.