Neno na Ala katika Taarabu ya Mombasa

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuisoma taarabu kama ushairi uliopata bahati ya kuimbwa. Mizani huhesabiwa, vina hulinganishwa, mafumbo hufumbuliwa. Ama ala za muziki, zikitajwa, hutajwa mwishoni kwa sentensi moja, kama msimulizi wa harusi anayemalizia kwa rangi ya mazulia. Utaratibu huu huenda ukawafaa baadhi ya waimbaji. Lakini kwa vikundi vya Mombasa vilivyotia kinanda cha umeme katika taarabu, utaratibu huo unapotosha.

Mfano ulio wazi ni wa waimbaji wawili, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, walioshirikiana katika Maulidi Musical Party. Majina yao yalikuwa yamekwisha kuenea katika maharusi ya pwani ya Kenya kabla ya kampuni ya GlobeStyle ya London kutoa Mombasa Wedding Special ya kikundi hicho mwaka 1990, kisha Jino la Pembe ya Zuhura mwaka 1992. Mwaka 1990 kampuni hiyo hiyo ilitoa pia kazi ya Zein l'Abdin, mpigaji udi mashuhuri mwenye asili ya Lamu. Kwa hiyo msikilizaji wa ng'ambo alikutana na sura mbili za Mombasa kwa wakati mmoja: udi na tungo za kale upande mmoja, kinanda cha umeme, taishokoto na mdundo wa chakacha upande wa pili.

Wanazuoni wa Kiswahili hawakupata shida kuchagua. Zein aliimba tungo ambazo hata zikiondolewa udi husimama zenyewe juu ya karatasi, na alishirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, bingwa wa lugha na ushairi ambaye kila idara ya Kiswahili inamjua. Heshima aliyopewa ilimstahiki. Lakini nyimbo nyingi za Zuhura zimejengwa juu ya chakacha, ngoma ya wanawake, na maneno ya nyimbo za namna hiyo yakinakiliwa huonekana machache, yenye kujirudia. Mhakiki asomaye karatasi peke yake huuona upungufu wa fani mahali ambapo fani yenyewe imo.

Marudio hayo yana kazi. Katika harusi za Mji wa Kale, ambako turubai huweza kufunga kichochoro kizima ili wanawake wakae faraghani, wimbo hauendi kwa mwendo wa mshairi. Mwanamke aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha na noti mkononi, akamtuza mwimbaji. Na pengine hupita kwanza mbele ya yule anayemkusudia, ili fumbo limfikie mwenyewe. Hapo ndipo kinanda kinaposhikilia sauti moja na ngoma zikaendelea, na mwimbaji akaurudia mshororo ule ule mpaka mtuzaji afike. Kutuza huko ni uhakiki wa papo hapo. Mtuzaji amechagua mshororo mmoja kati ya yote, ameupa maana isiyojulikana na mtunzi, na amelipa kwa fedha zake mwenyewe (jambo ambalo wahakiki wa vyuoni hulifanya kwa nadra). Huko nje, wanaume walioketi barazani mitaa ya Kuze au Kibokoni husikia kila neno kupitia vipaza sauti, lakini ni nani aliyeinuka hawalijui. Wao wamepata neno na sauti, tendo limewapita.

Taishokoto nayo yastahili kutazamwa. Ni ala ya Kijapani iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, yenye nyuzi na vibonyezo vinavyofanana na vya taipureta. Sauti yake ni ya kukatikakatika na yenye ukali. Ikiungwa na umeme hupenya kelele za harusi. Kinanda cha umeme hutandaza sauti, taishokoto huidonoa. Kati ya mtandazo huo na mdono huo silabi za Kiswahili hurefushwa au kubanwa, na kanuni ya mizani nane kwa nane, inayoshikiliwa sana na walimu wa ushairi, hulegezwa bila ya sikio kuudhika. Katika miaka ya 1970 wanazuoni waligombana sana juu ya ushairi usiofuata vina na mizani, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Hakuna upande uliokwenda harusini Mombasa kusikiliza jinsi mizani inavyokunjwa na waliokuwa wakihesabiwa kuwa watu wa jadi.

Kasoro hii haikuanzia kwa Zuhura. Ahmad Nassir Juma Bhalo alimtungia binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, nyimbo nyingi zilizoimbwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Malenga wa Mvita, diwani ya mshairi huyo iliyotoka mwaka 1971, ilipata wahakiki; kanda za mwimbaji zilipata wanunuzi. Uchunguzi wa kina juu ya uimbaji wa Mombasa umekuja baadaye, na kwa Kiingereza: kitabu cha Mwenda Ntarangwi cha mwaka 2003 juu ya jinsia na uimbaji, na makala ya Andrew Eisenberg ya mwaka 2017 juu ya taarabu ya Kihindi. Kazi hizo zisifiwe. Hata hivyo inashangaza kwamba istilahi za kueleza jinsi sauti ya Kiswahili inavyokaa juu ya ala zimetafutwa katika lugha nyingine, hali mafundi wa pwani wana msamiati wao wa mahadhi, mapigo na vipokeo.

Hasara kubwa imewafika wanawake. Mtaala unaochagua nyimbo kwa uzito wa maneno yake karatasini humchagua malenga mwanamume karibu kila mara, na Zuhura hubaki kutajwa katika orodha. Mwanafunzi akipewa Jino la Pembe kama matini iliyopigwa chapa, ataulizwa dhamira na tamathali, naye atajibu. Akiulizwa kwa nini mshororo fulani umerudiwa tena na tena, ataandika kwamba ni kwa ajili ya kusisitiza. Urefu wa njia kutoka viti vya nyuma hadi kwa mwimbaji haumo katika nakala yake.