"Saidizi" kwa Jina, Tiba kwa Kazi: Uhakiki wa Tafiti za Lishe kwa Wagonjwa wa Saratani ya Kichwa na Shingo Wakati wa Tiba ya Mionzi

Sehemu hii inahakiki dhana ya huduma saidizi kama inavyotumika katika maandiko yanayohusu wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaopata tiba ya mionzi. Hoja inayojengwa ni kwamba istilahi hiyo inaweka pembezoni kazi ambayo, kwa ushahidi wa tafiti zenyewe, ni sehemu ya tiba. Aidha, inaonyeshwa kwamba kiini cha kazi hiyo ni mazungumzo, na kwa hiyo lugha ya mgonjwa si suala la adabu tu, bali ni suala la kitabibu.

Katika Kiswahili, msaidizi ni mtu ambaye asipokuwapo kazi huendelea, ingawa kwa taabu. Je, mionzi huendelea hivyo? Dozi iliyozoeleka ya kuponya uvimbe wa eneo hili ni grei 70, zinazotolewa kwa mikupuo 35, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki saba. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu utando wa kinywa huchubuka, mate hupungua na kuwa mazito, ladha hupotea, na kumeza huwa maumivu. Wakati huohuo, Withers na wenzake (1988) walionyesha kwamba seli za uvimbe zilizosalia huanza kuzaliana kwa kasi takribani wiki ya nne tangu tiba ianze. Walikadiria kwamba kila siku inayoongezeka baada ya hapo huhitaji kufidiwa kwa takribani grei 0.6. Hivyo basi, mgonjwa anayekosa kuhudhuria kwa kuishiwa nguvu hapotezi siku tu. Anapoteza sehemu ya dozi. Mashine imefanya kazi yake, lakini koo lililoshindwa kumeza limeitengua.

Tafiti mbili zinasaidia kuipima hoja hii. Ya kwanza ni ya Ravasco na wenzake (2005), iliyofanyika Ureno. Wagonjwa 75 waligawanywa katika makundi matatu ya watu 25: kundi lililopewa ushauri wa lishe uliojengwa juu ya vyakula vyao vya kawaida, kundi lililopewa virutubisho vya kunywa pamoja na chakula walichozoea, na kundi lililoachwa lile kama kawaida yake. Wakati wa mionzi makundi mawili ya kwanza yaliongeza ulaji. Miezi mitatu baadaye, kundi la ushauri pekee ndilo lililodumisha ongezeko hilo. Kopo la kirutubisho lilifanya kazi kwa muda lilipokuwapo. Ushauri ulibaki na mgonjwa.

Ya pili ni ya Britton na wenzake (2019), iliyohusisha hospitali tano za Australia na wagonjwa 307. Wataalamu wa lishe walifunzwa namna ya kuzungumza na mgonjwa ili yeye mwenyewe atamke sababu zake za kula na kupanga atakavyokula. Ikilinganishwa na huduma ya awali, wagonjwa walikuwa na hali bora ya lishe, walipungua uzito kidogo zaidi, walikuwa na dalili chache za sonona, na tiba yao ilikatizwa mara chache zaidi. Matokeo haya ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa kwa hoja yetu, kwa kuwa yanaunganisha maneno ya mtaalamu wa lishe na ratiba ya mashine.

Hata hivyo, tafiti hizi zina mipaka. Makundi ya Ravasco yalikuwa madogo. Utafiti wa Britton nao ulibadilisha mwenendo wa taaluma moja tu, ilhali maandiko mengi husifu jopo la wataalamu kwa kuorodhesha vyeo: daktari wa mionzi, daktari wa meno, muuguzi, mtaalamu wa umezaji, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Orodha si jopo. Linalopaswa kuulizwa ni nani kati yao atagundua, katika wiki ya tatu, kwamba mgonjwa ameacha kumeza, na atamwambia nani siku hiyohiyo.

Swali hili lina uzito wa pekee katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa mbalimbali, ambako Kiswahili ndicho kiungo kati ya wataalamu na wagonjwa wengi. Tuchukue mfano wa kauli ya kawaida: "Jitahidi kula, mama." Ni kauli ya huruma, lakini kisarufi ni amri, na kimaana inahamishia kosa kwa mgonjwa: asiyekula hajajitahidi. Vilevile, swali "Unakula, mzee?" hukaribisha jibu la heshima: "Nakula, daktari." Swali "Jana jioni kilishuka nini, na kiasi gani?" humfungulia mgonjwa njia ya kusema kwamba ugali haushuki tena, kwamba pilipili inachoma, kwamba uji uliopozwa ndio uliobaki. Hapo ndipo mtaalamu hupata la kufanyia kazi: kuongeza maziwa au karanga zilizosagwa katika uji, kutuliza maumivu kabla ya mlo, au kupanga mrija wa kulishia kabla hali haijaharibika. Anayepika nyumbani naye ahusishwe, kwani ushauri usiofika jikoni haufiki kinywani.

Kwa kuhitimisha, uhakiki huu unapendekeza istilahi huduma fungamani badala ya huduma saidizi. Mabadiliko ya jina peke yake hayatamlisha mtu. Lakini jina ndilo linaloamua nini kiingie katika bajeti na nani aitwe katika kikao. Tafiti za Ureno na Australia zimethibitisha thamani ya mazungumzo katika mazingira yake. Kazi iliyobaki kwa watafiti wa Kiswahili ni kuchunguza mazungumzo hayo yanavyofanyika katika lugha hii, neno kwa neno, wakati koo bado linaweza kujibu.