Pongezi kwa Masonara wa Fedha

Harusini Msambweni au Diani, mrashi wa fedha ukipitishwa, wageni hunyoosha viganja kupokea marashi. Nawapongeza masonara wa pwani. Wengi wao waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, kila moja gramu 28, fedha yake kama asilimia 83. Utazame mrashi mkongwe kwa karibu: maua yamenakshiwa moja moja kwa tindo, na pale shingo inapokutana na tumbo, alama ya kuunga huioni. Subira iliyoje! Mnadani London chombo cha namna hii huthaminiwa kwa ufundi wake. Kwetu wengine hukiuza kwa uzani, kikayeyushwe. Jamani, mliorithi mirashi ya mabibi zenu, msiipeleke kwenye mizani.