Pinkerton na Waamuzi Wake

Santuri ya pili ya Weezer, bendi ya Marekani, ilitolewa Septemba 1996 kwa jina la Pinkerton. Ile ya kwanza, ya mwaka 1994, ilikuwa imependwa na wengi kwa ucheshi na wepesi wa nyimbo zake. Hii ya pili ilikuja na sauti ya makwaruzo na maneno ya mtu aliyejifungia chumbani akiupekua moyo wake. Mtungaji, Rivers Cuomo, alikuwa ameyaacha majukwaa akaingia Chuo Kikuu cha Harvard, mpweke, na mguu wake ukiwa katika vyuma baada ya kupasuliwa. Nyimbo kadhaa zilizaliwa katika hali hiyo.

Hukumu ya awali ilikuwa kali. Mhakiki wa gazeti la Rolling Stone aliuona utungaji kuwa wa kitoto, na wasomaji wa gazeti lilo hilo wakaihesabu santuri hii kuwa ya tatu kwa ubaya katika mwaka ule. Cuomo mwenyewe aliingiwa na haya. Hata mwaka 2001 aliitaja hadharani kwa chuki. Walakini vijana walioipenda hawakuiacha. Waliambizana habari zake, na bendi zilizojulikana kwa jina la emo zikaifanya kiongozi. Mwaka 2004 Rolling Stone iliihakiki upya ikaipa nyota tano.

Yamkini msomaji atadhani kwamba hukumu ya pili imeibatilisha ya kwanza. Sivyo. Zote mbili zimesimama juu ya msingi mmoja, ya kwamba nyimbo hizi ni shajara tu. Waliolaumu walichukizwa na mtu aanikaye siri zake. Waliosifu walimpenda kwa kuzianika. Wote walilipita mbio jina la santuri. Pinkerton ni yule ofisa wa manowari ya Marekani katika Madama Butterfly, opera ya Puccini ya mwaka 1904, amwoaye Cio-Cio-San huko Nagasaki kisha akamtupa. Mtu ajipaye jina la mkosaji huyo hajafungua moyo tu, bali amejishtaki. (Opera hiyo nayo ilizomewa usiku wake wa kwanza mjini Milan, Puccini akaitengeneza, ikashangiliwa Brescia miezi mitatu baadaye. Cuomo, kinyume chake, aliikimbia kazi yake.)

Hapo ndipo penye kasoro ambayo wapenzi wa santuri hii hawapendi kuitaja. Wimbo wa Across the Sea umetokana na barua ya msichana wa Kijapani aliyeipenda bendi. Msikilizaji husikia kiu ya mpokeaji, upweke wake, hata lawama zake kwa mama yake. Lakini mwandishi wa barua hana uso. Puccini, ambaye hakuwa mpole kwa wanawake wa michezo yake, alimpa Cio-Cio-San nyimbo zilizo bora, na kwa muda mrefu Pinkerton haonekani jukwaani. Cuomo amekigeuza kipimo hicho. Waliozomea mwaka 1996 walilisikia jambo hili, ila walilipa jina la utoto. Pinkerton wake huimba peke yake tangu mwanzo, na wimbo wa kufunga, Butterfly, ulio wa kuomba radhi, ni radhi isiyongoja jibu.